Mbuzi Waliokula Daku

Salome, na ninyi wenzake wa maabara ya Mtumba, nilipostaafu mliniaga kwa keki na kitenge, halafu mkanipa kazi: "Mama Debora, andika mambo ya huko nyuma yasije yakapotea." Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayetaka kuwahi kwake. Miezi imekatika na sijaandika neno. Msidhani nimekaa bure. Nina mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe ni Bi Zaina, aliyekuwa mtunza wanyama wetu enzi za kituo cha zamani. Ninyi hamkumkuta. Yuko chumba cha pili hapa kwangu Ipagala, na hali kabisa. Simaanishi kwamba anakula kidogo kidogo kama wagonjwa wengine. Kijiko kikifika mdomoni anageuza uso ukutani. Na mimi, niliyemaliza ujana wangu wote nikichunguza ni kitu gani humwambia kiumbe ale na kitu gani humwambia aache, nakaa pembeni yake bakuli linapoa mkononi na sina ujanja. Kwa hiyo nitaandika, lakini mjue kwamba naandika sikio moja likiwa chumba cha pili.

Vyeo sitaviandika. Vyangu vilikuwa vichache na vilichelewa, na mshahara mnaujua kwa kuwa ni huohuo wenu. Naanza na siku ya kwanza.

Siku ya kwanza nilifika na vyeti kwenye bahasha ya kaki, viatu vya kuazima na tumbo tupu. Dada yangu alikuwa amenihakikishia kwamba ukiripoti kazi ya maabara lazima upimwe afya, na ukipimwa lazima uwe hujala. Hakuna aliyenipima. Mkuu wa kitengo, Dk. Nyemo, mwanamume mrefu, mwembamba, ambaye salamu yake kwa dunia nzima ilikuwa "ehe", alinipeleka moja kwa moja kwenye meza, akanipa pipeti na maji ya rangi, akaniambia nigawe matone kwenye vishimo vidogo vya sahani ya kupimia. Mkono ukaanza kutetemeka. Matone yakaenda yanakotaka.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Siogopi, Daktari."

"Mbona unatetemeka?"

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke mwenye ndoo ya pumba, kanga imefungwa kiunoni, ushungi umerudi nyuma kidogo kwa sababu ya joto. "Daktari," akasema, "huyo hana woga. Huyo hajala."

Ndivyo nilivyokutana na Bi Zaina. Alinishika mkono bila kungoja ruhusa, akanipeleka nyuma ya stoo ya malisho alikokuwa na jiko lake la mkaa, akanimiminia uji wa uwele kwenye kikombe cha plastiki. Nikanywa huku nimesimama. Yeye alinitazama mpaka mwisho, na nilipotaka kumrudishia kikombe akakisukuma.

"Lamba na kijiko."

Nikalamba. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hata shikamoo sijampa, nikampa. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa nenda ukatetemeke vizuri."

Alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa, Mwislamu wa swala tano, mjane, watoto wake wawili wote wametangulia mbele ya haki. Hayo niliyajua baadaye, kwa vipande, kwa sababu si mtu wa kujieleza. Alichopenda kusema ni kuhusu sisi Wagogo na mlenda wetu. "Debora, mwanangu, chakula gani hicho kinateleza chenyewe, hata meno hayana kazi?" Nami nilimjibu kwamba kwao milimani wanatafuna kwa bidii kwa sababu hawana la kuongea. Tulikwenda hivyo miaka mingi, na Dk. Nyemo akipita katikati yetu na "ehe" yake.

Kazi yenyewe mnaifanya ninyi sasa kwa mashine zinazosoma zenyewe, kwa hiyo acheni niwaeleze ilivyokuwa kwa mikono. Dk. Nyemo alinifundisha akiwa ameegemea banda, si darasani. Tumbo likiwa tupu, alisema, hutoa protini ndogo iitwayo ghrelini, nayo husafiri kwenye damu mpaka ubongoni kusema: tafuta chakula. Mafuta ya mwili nayo yana mjumbe wao, leptini, wa kusema: akiba ipo, tulia. Wajumbe hawa ni wa zamani sana. Samaki wanao, kobe wanao, mbuzi wanao, na wewe unayenisikiliza unao. Kazi yetu ilikuwa kumfuata mjumbe mmoja mmoja katika mnyama mmoja mmoja na kuona alivyobadilika njiani.

Basi kituo kilikuwa na wanyama wa kila namna. Mbuzi, kuku wa kienyeji, kambare tulioletewa kutoka Bahi kwenye madumu, kobe waliokuwa wakijifukia kiangazi kikianza, na chatu mmoja ambaye angeweza kukaa miezi bila kula na asimchukie mtu. Bi Zaina aliwalisha wote isipokuwa chatu. Kwa chatu alisema yeye na huyo hawajatambulishwa.

Leptini ya kambare hutoka zaidi kwenye ini, ya mbuzi hutoka kwenye mafuta. Ukiandika herufi za protini hizo mbili, kila herufi kiungo kimoja cha mnyororo wake, sambamba zinapishana vibaya, ungeapa si ndugu. Lakini zikishakunjwa, umbo lao ni moja, kama magauni mawili ya vitambaa tofauti yaliyoshonwa na fundi yuleyule. Nilipoliona hilo mara ya kwanza kwenye picha nilisahau kwenda kula, na Bi Zaina alinifuata mpaka mezani kunigombeza.

Aliyenitoa jasho ni kuku. Tuliwapa vifaranga ghrelini, nikakaa nikingoja waparamie pumba. Waliacha kula. Wakasimama tu, wanaangalia chakula kama si chao. Nikajua nimekosea kipimo. Nikarudia, wakasimama tena. Nikamwendea Dk. Nyemo na roho mkononi, nikijua leo nafukuzwa. Alicheka, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyaona meno yake.

"Ehe. Hukukosea. Mbuzi akipewa neno hilo anasikia 'kula'. Kuku akipewa neno hilohilo anasikia 'acha'. Mjumbe hajabadilika sana, Debora. Aliyebadilika ni msikilizaji."

Bi Zaina alikuwa akifagia hapo karibu. "Kwa hiyo mnampa mtoto wa kuku dawa ya kumkatalisha chakula? Mna dhambi nyie," akasema, akaendelea kufagia.

Jambo moja la vitendo, na hili mlishike hata mkisahau mengine yote. Ghrelini haina subira. Ukitoa damu usipige soga. Barafuni papo hapo, na dawa ya kuizuia isivunjike, zungusha kwenye mashine, chukua maji ya juu, peleka kwenye friza. Mtu akikusalimia katikati ya kazi hiyo, muitikie huku unatembea. Sisi tulikuwa na friza moja kongwe na jenereta lenye tabia mbaya, na umeme ukikatika hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani. Na kabla ya hayo yote kuna sharti la msingi: mnyama unayetaka kumpima njaa lazima awe na njaa kweli. Hakuna mashine itakayokusaidia ukikosea hapo.

Sasa nifike kwenye mbuzi.

Dk. Nyemo alikuwa na swali lililomkaa kichwani tangu utotoni, nadhani, kwa sababu alizaliwa kijiji ambacho mvua ikikosa, inakosa kwelikweli. Alitaka kujua kama mbuzi wetu wa uwanda huu, walioishi vizazi na vizazi kwenye kiangazi kirefu, wana njaa tofauti na mbuzi waliotoka kwenye nchi za majani mengi. Akapanga jaribio. Banda la kwanza mbuzi wa kienyeji, chini ya Bi Zaina. Banda la pili mbuzi wa maziwa wa kizungu, chini ya mtunzaji mwingine. Wote wananyimwa chakula kuanzia jioni ya siku moja, wanapita mchana mzima wa pili na usiku wake, asubuhi inayofuata tunatoa damu. Tunawapumzisha, tunarudia. Aliwaita watunzaji wote wawili akawaeleza kwa makini. "Mbuzi hawa watakuwa wamefunga," akasema. "Umenielewa, Bi Zaina?"

"Kufunga mnanifundisha mimi?" akajibu. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na yeye mwenyewe alikuwa na saumu.

Majibu yalipotoka, niliyasoma mara mbili. Ghrelini ya mbuzi wa kizungu ilipanda kama vitabu vyote vinavyosema. Ya mbuzi wetu haikupanda. Ilibaki chini, imetulia, kama vile kunyimwa chakula hakuwahusu. Tukarudia, yakawa yaleyale. Dk. Nyemo alifunga mlango wa ofisi, akakaa, akainuka, akakaa tena. "Debora," akaniambia, "uwanda huu umewafundisha. Wamejifunza kutosikia njaa." Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ile, wala sijui kama aliipata tena. Aliandika muhtasari akautuma siku hiyohiyo, bila kungoja duru ya mwisho. Siku chache baadaye akaalikwa kwenda kuzungumza mbele ya wakubwa. Alinunua hata koti.

Wiki za mwisho za mfungo tulikuwa tunatoa damu kwa duru ya mwisho. Nilimshika pembe dume mmoja mkorofi, nikamwinua kidevu nipate mshipa wa shingo, na pale kwenye ndevu zake nikaona pumba. Pumba mbichi, yenye unyevu bado. Nikaiangalia, nikaigusa.

"Bi Zaina," nikaita. "Hawa wamekula?"

"Wamekula daku," akasema.

Alisema hivyo kwa sauti ileile ambayo angeniambia wamekunywa maji. Hakuwa akificha kitu. Kila siku ya kufunga, alipoamka kula daku yake kabla ya alfajiri, alikwenda bandani akawapa na wao, pumba na makapi ya uwele, kidogo, wasife moyo. Kisha adhana, akafunga yeye na mbuzi wake. Banda la pili halikuwa lake, hakuligusa.

"Lakini si Daktari alisema wafunge?"

"Na wamefunga. Toka alfajiri hakuna aliyeonja kitu. Nani anafunga bila daku, Debora? Hata mgonjwa huamshwa anywe maji."

Nilikaa chini kwenye vumbi na bomba la sindano mkononi. Mbuzi wetu hawakuwa wamejifunza chochote. Walikuwa wameshiba.

Ni mimi niliyempelekea Dk. Nyemo habari, kwa sababu hapakuwa na mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaenda mwenyewe bandani, nami nyuma yake, nikidhani atamlipukia yule mama. Alisimama mbele yake akauliza neno moja tu: "Kwa nini?"

"Mwenyezi Mungu ataniuliza, Daktari. Wewe hatakuuliza kuhusu mbuzi hawa. Mimi ndiye niliyekabidhiwa."

"Ehe," akasema, na akaondoka.

Aliandika kuomba kazi yake iondolewe, akaeleza sababu bila kupamba. Mwaliko ukafutwa. Koti nililiona limening'inia nyuma ya mlango wake miaka yote iliyobaki, kwenye mfuko wake wa nailoni. Wakubwa wa kituo walitaka Bi Zaina aondoke siku hiyohiyo, na katika kikao alichoitwa, Dk. Nyemo aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia. Aliwaambia kwamba alimwelekeza mtu mwenye saumu kuhusu kufunga, na hakufikiria kumwuliza yeye anajua kufunga kwa namna gani. Nami nilisema niliyoyaona. Wakakubali asifukuzwe, lakini wanyama asiwaguse tena. Akapewa ufagio na bustani ya mbele.

Hapo roho iliniuma, na bado inaniuma nikiandika. Maana mbuzi hawakusikia habari za kikao. Kila alipopita na ufagio wake walilia, banda zima, wanamfuata kwa ndani ya uzio mpaka mwisho wa wavu. Yeye hakugeuka. Alifagia akitazama chini, mgongo umejikunja, na sisi maabara tukafunga madirisha kwa kisingizio cha vumbi.

Siku moja nilikaa naye kwenye ngazi za mbele, akichambua mchele wa futari, nikamwambia, "Bi Zaina, ungejua ulivyomharibia Daktari." Sikusema kwa ubaya, nilisema kwa uchungu tu. Akatupa mawe pembeni, kisha akaniambia habari ya mdogo wake, Mwanaidi.

Walikuwa wadogo, milimani, mwaka ambao mtama haukutoa hata mbegu. Mama yao alitoka kwenda kutafuta chakula, akamwachia Zaina wadogo zake. "Mwanaidi alilia," akasema. "Alilia sana, akanichosha, nikampiga na kofi. Halafu akanyamaza. Nikafurahi, nikasema afadhali, amelala. Mtoto mwenye njaa akilia, Debora, bado yupo. Akinyamaza ndiyo uogope. Mimi sikujua kuogopa." Mama yao alirudi na unga. Mwanaidi hakuutaka. Alipewa kidoleni, akautema.

Sikumwuliza kilichofuata. "Sasa wewe," akaendelea, "niletee kiumbe uniambie kisile, na mimi nimeshika ndoo." Akapepeta sinia la mchele, akainuka akaenda kupika.

Jaribio tulilirudia baada ya Idi, mtunzaji akiwa mwingine. Ghrelini ya mbuzi wetu ilipanda kama ya mbuzi wote wa duniani. Tukapima, tukarudia, tukapima. Kumbe wanasikia njaa kama kawaida, uwanda haukuwaonea huruma kiasi hicho. Dk. Nyemo aliyaandika hayo kwa ufupi, na sijui kama kuna aliyeyasoma. Alipostaafu alirudi kijijini, na ugonjwa wa moyo ukamchukua kabla hajamaliza kuezeka. Koti aliliacha pale mlangoni.

Miaka iliyofuata mnaijua nusu yake. Mashine mpya, vichupa vidogo zaidi, herufi za protini zinazotoka kwenye kompyuta kwa urefu wa kutembea. Nilihamia Mtumba na friza letu la zamani, nimekaa nyuma kwenye gari la mizigo nikilishikilia kama mgonjwa, dereva ananicheka. Ndani yake mlikuwa na sampuli za damu ya mbuzi wale, ya daku na isiyo ya daku. Nilikataa zisitupwe. Ziko rafu ya chini kabisa, Salome, na nakuomba uziache hapo.

Bi Zaina alistaafu kabla yangu akarudi Kondoa. Niliendelea kumtembelea kila Idi na kila Krismasi, yeye akinipikia, mimi nikimpelekea zabibu. Mwaka huu mpwa wake anayefanya biashara ya mahindi Kibaigwa alinipigia simu. "Mama Debora, shangazi hali." Nikamwambia amlete kwangu, hospitali ni karibu. Wakampima. Uvimbe wa tumbo, mkubwa, umechelewa kugunduliwa. Daktari, kijana mpole, akatuambia turudi nyumbani tumpe chochote anachokitamani.

Hatamani. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Nimempikia uji wa uwele, nimemkamulia zabibu, nimempikia mchuzi wa kuku nikauchuja mara mbili. Nimempikia hata mlenda, nikitegemea kwamba atanitukana kwa ajili yake na atakula kwa hasira. Akatabasamu tu. Na mimi najua kinachoendelea ndani yake, ndiyo adhabu yangu. Katika maradhi kama hayo ghrelini inaweza kuwa tele kwenye damu, tumbo linapiga kelele zote linazoweza, na ubongo hausikii. Ningeweza kuwachorea ninyi hilo ubaoni mpaka kesho. Halishushi kijiko kimoja kooni.

Juzi nikamfanyia ujanja. Najua udhaifu wake. Akaniuliza, kama kawaida yake kila mchana, "Umekula?" Nikamwambia sijala. "Kwa nini?" Nikamwambia sitakula mpaka yeye ale. Nikashikilia bango. Kesho yake nikawa sijala, na nilikuwa sijala kweli, kichwa kinaniuma. Akanitazama, akafungua mdomo. Nikampa vijiko vitatu, vinne. Haukupita muda akatapika vyote, na damu kidogo, na akalia kwa maumivu kama mtoto. Nilimfuta uso nikimwomba radhi.

"Usirudie, Debora," akasema.

Ananiita. Nitaendelea kesho.

Nilikuwa nimeishia hapo. Kesho hiyo haikuja kwa kuandika. Tumemzika kwao Kondoa, kaburi linatazama mteremko aliochungia mbuzi utotoni, upepo wa kule ulikuwa unapeperusha hata udongo wa kwenye majembe. Mpwa wake alisimamia kila kitu. Nimerudi Ipagala, nyumba imekuwa kubwa, na nimeshindwa kuosha kikombe. Nimejaribu kupika mara mbili na mara mbili nimezima jiko.

Niwaelezee siku ya mwisho, kisha nifunge, maana hayo mengine ya kazini mtayasoma kwenye miongozo.

Ilikuwa mchana, jua kali, bati linalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na kikombe cha uji mkononi, siwezi kumpa na siwezi kukiweka chini. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Hakulalamika, hakugeuka, hata maji hakuomba. Nikamsogelea.

"Bi Zaina, umenyamaza," nikamwambia. "Naogopa."

Kisha akafumbua macho.

"Mwanaidi alikuwa mtoto," akasema. Sauti ilikuwa ndogo lakini safi. "Alikuwa hajala kitu duniani. Mimi nimekula vya kutosha, mwanangu. Usiogope kwa ajili yangu."

Nilianza kulia, kwa sauti, mtu mzima na mvi zangu.

"Wewe ndiye hujala," akasema. "Unafikiri sioni? Mkono unatetemeka. Kula huo uji."

"Ni wako."

"Kula, Debora. Nikuone."

Nikala. Uji ulikuwa umepoa na machozi yanaingia humo humo, kila kijiko kinapita kwa shida, na yeye ananitazama, hapepesi, mpaka nikafika chini. Nikataka kukiweka kikombe sakafuni. Akainua kidole kimoja juu ya shuka.

"Lamba na kijiko."